Nyenje Hawakuhama: Jinsi Kelele za Kazini Zinavyoiba Masikio

Mvua za kwanza za Desemba zikishaigusa Dodoma, usiku unakuwa wa nyenje. Jioni moja ya namna hiyo nilikuwa nimekaa barazani kwa baba yangu mdogo, Kizota, tukisubiri mama mdogo apakue ugali. Baba mdogo amesaga nafaka za watu kwa zaidi ya miaka ishirini: mahindi, mtama, uwele, chochote mtu atakachobeba kichwani. Akaniambia, kama mtu anayetoa habari ya kawaida tu, kwamba nyenje wa siku hizi wamepungua. "Mji umewamaliza," alisema. "Kila pori ni kiwanja sasa."

Nilinyamaza nikatega sikio. Nyenje walikuwa wakilia hatua tatu kutoka tulipokaa, ndani ya rundo la tofali, wakilia mpaka wanakera.

Sauti ya nyenje wengi wa nyikani inacheza kwenye hezi 4,000 hadi 5,000, yaani mitetemo 4,000 hadi 5,000 kwa sekunde moja. Hapohapo ndipo kelele za mashine zinapoanza kula usikivu wa binadamu. Hazianzii kwenye mngurumo wa lori wala kwenye ngoma, na sauti ya mtu haziigusi mwanzoni. Zinaanzia huko juu, kwenye sauti nyembamba. Ndiyo maana mtu anayepoteza usikivu kazini haoni ukimya ukiingia. Anaona ulimwengu umebadilika: nyenje wamepungua, redio za siku hizi ni mbovu, watoto wanaongea wakiwa na kitu mdomoni. Wote wanaomzunguka watajua kabla yake.

Tuingie ndani ya sikio kidogo, maana bila hapo mengine yote yatabaki maneno. Sauti inagonga kiwambo, kiwambo kinatikisa vifupa vitatu ambavyo tuliokaa darasa la biolojia tulivikariri: nyundo, fuawe, kikuku. Kikuku kinasukuma majimaji yaliyo ndani ya koklea, kijitundu kilichojikunja kama gamba la konokono. Humo mna seli kama 15,000 kwa kila sikio, zenye vinyweleo kichwani. Kila fungu la seli lina sauti yake, kama ndimi za ilimba, ile ala ya Wagogo inayochezwa kwa vidole gumba: za karibu na mlango zinapokea sauti nyembamba, za ndani kabisa zinapokea sauti nzito. Vinyweleo vikiyumba, seli inatuma habari kwenye mshipa wa fahamu, na ubongo unasema: hiyo ni honi, huyo ni mama.

Kelele kubwa inaviyumbisha kupita kiasi. Ukitaka picha yake, fikiria shamba la mtama lililopigwa na upepo mkali. Mabua yaliyoinama tu yatainuka kesho, yaliyovunjika ndiyo basi. Seli yenyewe pia inachoka, inazalisha kemikali zinazoichoma kutoka ndani, na baadhi ya seli zinakufa siku kadhaa baada ya kelele yenyewe kwisha. Seli ikifa haizaliwi nyingine, si kwa binadamu tu bali kwa mamalia wote. Kuku ndiye anayeotesha mpya. Watafiti waligundua hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo dunia inatafuta jinsi ya kuliigiza kwa mtu bila kufika. Kwa hiyo kuku wa kienyeji wa Singida anayeshinda chini ya mashine ya kukamua alizeti ana tumaini kuliko mwenye mashine.

Kwa nini hezi 4,000 na si kwingine? Tundu la sikio lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, limezibwa upande mmoja, na kama filimbi yoyote linaikuza sauti inayolingana na urefu wake. Kwa mtu mzima sauti hiyo ni ya hezi 3,000 hivi. Kelele ya mashine inaingia ikiwa mchanganyiko wa kila aina, tundu linaikuza sehemu hiyo, na pigo kubwa linatua juu kidogo ya hapo. Daktari anapochora chati ya usikivu wa fundi wa grinda, mstari unakwenda vizuri, unazama ghafla kwenye 4,000, kisha unapanda tena kidogo kwenye 8,000. Uzee hauchori hivyo. Uzee unateremka moja kwa moja kama mlima bila kupanda tena. Shimo hilo kwenye chati ni kama alama ya kidole iliyoachwa na mwizi, ila umri ukisogea linaanza kufukiwa, kwa kuwa uzee nao unakula pembeni yake.

Sasa desibeli, vipimo vya ukubwa wa sauti, ambazo zinachanganya watu kuliko chochote kingine katika habari hii. Desibeli hazijumlishwi kama madebe. Ukiwa na mashine moja inayotoa desibeli 90 ukawasha ya pili ileile pembeni, hupati 180, unapata 93. Mtu akisikia hivyo anapumua: ah, kumbe tatu tu. Ila hizo tatu maana yake nguvu ya sauti inayoingia sikioni imekuwa mara mbili. Ukipanda 10, nguvu imekuwa mara kumi. Sikio halituambii hivyo, linatudanganya kwamba kelele imeongezeka kidogo tu, na udanganyifu huo ndio unaotuponza.

Dodoma tunaijua posho, basi tuichukue kelele kama posho ya siku. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Kwa 88 unabaki na saa 4. Kwa 91, saa 2. Kwa 94, saa 1. Kwa 97, nusu saa. Kwa 100, dakika 15, na hapo posho ya siku nzima imekwisha. Nilikwenda na programu ya simu kupima pale kwa baba mdogo, pale anaposimama anayemimina mahindi kwenye mdomo wa mashine. Simu si kipimo cha mahakamani, lakini ilikuwa ikicheza kwenye 96, 97. Siku za msimu anafanya kazi saa 10. Piga hesabu: nusu saa iliyoruhusiwa, yeye anatumia saa 10. Ni posho ya siku 20 inayoliwa kwa siku moja, kisha kesho yake tena.

Na hiyo 85 yenyewe isichukuliwe kama mstari ambao chini yake ni peponi. NIOSH hao hao walikadiria mwaka 1998 kwamba ukiwaweka watu kwenye 85 kwa miaka 40 ya kazi, kama 8 kati ya 100 watapata ulemavu wa kusikia ambao wasingeupata. Kwenye 90 wanakuwa 25.

Kama huna kipimo, tumia mkono. Mtu akiwa umbali wa mkono wako ulionyooka na bado inabidi upaze sauti ili akuelewe, hesabu kwamba mko kwenye 85 au zaidi. Jaribu hilo kwa mafundi wa kuchomelea mageti, kwenye msumeno wa duara wa maseremala, karibu na karasha inayosaga mawe ya dhahabu, pembeni ya kompresa na mitambo ya kutoboa mwamba kule wanakopasua kokoto. Jaribu kwenye majengo yanayoota kila kona tangu Serikali ilipohamia, kuanzia Mtumba hadi Msalato. Kote huko watu wanaongea kwa mikono.

Jambo hili si jipya hata kidogo. Daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika mwaka 1713 juu ya wafua shaba wa Venice waliokuwa wakizeeka viziwi kwa ajili ya kugonga siku nzima. Mwaka 1886 Thomas Barr wa Glasgow aliwapima watengeneza boila 100 na hakumpata hata mmoja mwenye usikivu wa kawaida. Ukipita kwa mafundi wetu wanaogonga bati kuunda majiko ya mkaa na ndoo, utawaona wafua shaba wa Venice wamekaa chini ya mwarobaini. Na kelele ya kugonga ina hila yake. Pigo moja ni fupi mno hata sikio halipati nafasi ya kujikaza, wala kipimo cha kawaida hakiwahi kulinasa lote.

Turudi kwa baba mdogo, maana kuna siku nilishuhudia ugomvi pale mashineni ukanifundisha zaidi ya vitabu. Mama mmoja alileta mahindi, yakapimwa kwenye mzani, kijana akapaza sauti: "Sitini!" Baba mdogo akaandika tisini kwenye daftari na kudai hela ya kilo tisini. Yule mama akawaka. Baba mdogo naye akawaka, kwamba kijana kasema tisini na kila mtu kasikia. Waliokuwepo wakaangaliana. Mama aliondoka akisema mzee siku hizi ana tamaa.

Hakuwa na tamaa. Sema maneno hayo mawili polepole: sitini, tisini. Irabu ni zilezile, i-i-i, na kilichobadilishana nafasi ni s na t tu. Irabu ni sauti nzito na zenye nguvu, zinakaa chini ambako masikio yake bado ni mazima. S, f, sh, ch, th na t ni pumzi nyembamba zinazokaa juu, jirani na nyenje. Na Kiswahili ni lugha ya irabu, karibu kila silabi inaishia nayo, kwa hiyo mtu wa namna hii anasikia sauti yako yote, anasikia umesema neno lenye silabi tatu, anasikia hata kwamba umekasirika. Asichokipata ni neno lenyewe. Sisi au fisi? Safari au fahari? Anakisia kwa kuangalia midomo na kwa kujua mnazungumza nini. Barazani jioni, mtu mmoja mmoja, anakisia vizuri na hakuna anayemshtukia. Msibani, kwenye kikao cha ukoo, au mtu anapompa mgongo, anapotea. Ndiyo maana malalamiko yao ni yaleyale: nasikia, ila sielewi. Na majibu yetu ni yaleyale: ana dharau, ana kiburi, sikio la kufa. Ukimwongezea sauti kwa kupiga kelele unaziongeza irabu, ambazo hazikuwa tatizo, na yeye anaona unamfokea.

Kitu kingine kinachowahadaa watu ni neno kuzoea. Kijana akianza kazi ya mashine, wiki ya kwanza anatoka na masikio yanayovuma kama aliyekunywa kwinini, na sauti za watu zinamjia kama zimefungwa ndani ya blanketi. Kesho asubuhi amepona. Baada ya miezi havumi tena hivyo, na kelele haimsumbui kama mwanzo. Wenzake wanampongeza: umeshazoea. Sikio halizoei kelele kama mkono unavyoota sugu kwa jembe. Kilichopungua ni wapokeaji. Utafiti uliofanywa kwa panya na Kujawa na Liberman, uliotoka mwaka 2009, uliongeza jambo la kutisha zaidi. Hata pale kipimo cha kawaida kilipoonyesha panya wamepona kabisa baada ya kelele ya saa 2, viungio kati ya seli na mshipa wa fahamu vilikuwa vimekatika kwa karibu nusu katika sehemu iliyoumia. Ule mvumo wa jioni unaopona asubuhi huenda usiwe bure kama tulivyodhani.

Halafu hasara haisubiri uzee. Sehemu kubwa ya maumivu haya hutokea katika miaka 10 hadi 15 ya kwanza ya kazi, kisha kasi inapungua kwa sababu kilicho rahisi kuharibika kimeshaharibika. Yaani anayehitaji kulindwa kuliko wote ni yule kijana wa miaka 20 anayecheka vizibo vya masikio, na ndiye huyohuyo anayevaa spika za masikioni akaufungulia muziki mpaka uishinde mashine. Hapo amerundika kelele juu ya kelele.

Mvumo wenyewe kwa wengi hatimaye hauondoki. Nilipombana baba mdogo alikiri kwamba usiku, taa zikizimwa, kuna kitu kinalia ndani ya kichwa, "ziii", bila kupumzika, na kwamba hajawahi kumwambia mtu maana angeonekana amechanganyikiwa. Nyenje wake wako humo. Ubongo ukinyimwa habari kutoka fungu fulani la seli unaongeza sauti yake wenyewe mahali hapo, na madaktari wengi wanaamini huko ndiko mvumo unakotoka.

Kelele pia ina washirika. Baadhi ya dawa kali za sindano, jentamaisini ikiwemo, zinaweza kuua seli zilezile. Mvuke wa thina na rangi una kemikali zinazoliumiza sikio, na zikikutana na kelele madhara yanaongezeka. Fundi anayepulizia rangi mageti kwenye kibanda kimoja na grinda anakula vyote viwili. Ukiandikiwa sindano za namna hiyo, mwambie daktari kazi yako.

Kinga ianzie kwenye mashine. Nasema hivi kwa sababu mwenye kiwanda akisikia habari ya kelele anakimbilia kununua vizibo, anavigawa, anajiona amemaliza. Mashine inayopiga kelele mara nyingi ni mashine inayoumwa: beringi imekwisha, nyundo za ndani zimelika upande mmoja, mkanda umelegea, bolti za kitako zimeachia. Pale kwa baba mdogo fundi alibadilisha beringi, akapanga nyundo upya, akaweka vipande vya tairi chini ya mota. Simu ikashuka mpaka 92. Ukikumbuka hesabu ya posho, kushuka kutoka 97 hadi 92 kunafanya nusu saa iwe zaidi ya saa moja na nusu. Umbali nao ni dawa. Mahali pa wazi, ukiuzidisha umbali wako mara mbili sauti inashuka kwa desibeli 6. Ndani ya banda la bati lililofungwa hupati faida hiyo, kwa sababu bati linairudisha sauti kama ukuta unavyorudisha mpira. Wateja wanaosubiri wakae nje, na mzani utolewe nje.

Kisha vizibo. Pamba ya dukani haizuii kitu cha maana. Vizibo vya sponji vinazuia, ila wengi wanavichomeka mlangoni tu, vikibaki vinachungulia kama kofia ya uyoga. Inavyotakiwa ni kukiviringisha kati ya vidole safi mpaka kiwe chembamba kama njiti, kupitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa na kulivuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kukiingiza, kisha kukishikilia sekunde 20 hadi 30 kivimbe kikiwa ndani. Ukifanikiwa, sauti yako mwenyewe itakurudia nzito kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Anayechukia kuingiza vitu sikioni avae vile vya kufunika, vinavyofanana na hedifoni kubwa.

Na usivivue. Chukua kizibo kizuri kinachopunguza desibeli 30. Ukikivaa zamu yote ya saa 8 unapata 30 zako. Ukikivua nusu saa tu katika saa hizo, ili uongee na wateja, kinga ya siku nzima inaporomoka hadi kama 12. Nilipoirudia hesabu hiyo sikuiamini, lakini ndivyo inavyotoka: nusu saa ya kelele kamili inazizidi mbali saa saba na nusu za kujikinga. Kwa kazi nyingi bora kizibo cha kawaida kinachovumilika, kikakaa humo, kuliko kile kikali kinachovuliwa kila mteja akifungua mdomo.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa Serikali wa usalama na afya kazini. Inamtaka mwajiri awapime afya wafanyakazi kabla ya kuwaweka kazini na kuendelea kuwapima wakiwa kazini. Wengi wanaichukulia kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Kumbe kwa masikio kile kipimo cha kwanza ndicho kila kitu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa michango ya waajiri, unalipa ulemavu na magonjwa yatokanayo na kazi. Ila mtu wa miaka 50 akija na chati yenye shimo, swali la kwanza ni lilelile: alikuwaje alipoanza? Hakuna anayejua. Mwajiri atasema ni uzee, ni baa ya jirani, ni malaria ya utotoni na kwinini yake. Na aliyeajiriwa kwa mdomo, bila mkataba, kwenye mashine ya mtaani, hata pa kuanzia kudai hana.

Kuhusu tiba nitasema kwa ufupi kwa sababu tiba yenyewe ni fupi. Kusikia kukipotea ghafla, baada ya mlipuko au bila sababu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo au kesho yake, kwani kuna dawa zinazoweza kusaidia siku za mwanzo na baadaye hazisaidii. Kwa hasara ya polepole hakuna kidonge, na mafuta ya moto sikioni yatakuunguza tu. Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, vinaongeza zile sauti zilizopungua, lakini haviwezi kuzirudisha seli zilizokufa, kwa hiyo maneno yanakuwa makubwa kuliko yanavyokuwa wazi. Watu huniuliza juu ya upandikizaji wa kifaa ndani ya koklea, uliofanywa Muhimbili kuanzia 2017. Huo ni wa wale ambao hata kifaa cha kawaida hakiwafai kitu. Habari njema ni moja: ukitoka kwenye kelele, uharibifu wake unasimama pale ulipofika.

Baba mdogo sasa ana ubao mweusi pembeni ya mzani, na kilo zinaandikwa kwa chaki. Sababu hasemi, na sisi hatumwulizi. Kijana anayemsaidia ana miaka 19. Jioni moja nilimwita pembeni nikamwuliza kama usiku anawasikia nyenje.

"Hawa?" alisema, akageuka kuelekea kwenye zile tofali. "Hawa si wanatunyima usingizi, kaka."

Jumatatu iliyofuata tulimpeleka kupimwa. Chati yake imenyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimeipiga picha, na karatasi yenyewe, pamoja na tarehe, iko kwenye bahasha ndani ya kabati la mama mdogo.